Kumlea mtoto wa mbwa katikati ya kuku: mwongozo kuanzia wiki ya 8

Mbwa wengi wanaoishia kuitwa walaji wa kuku hawakuwa na njaa siku ya kwanza. Walikuwa na miezi mitano au sita, wanacheza uani. Kuku akakurupuka, akapiga mbawa, akakimbia, nao wakamfuata. Kuku akafia mdomoni. Watu wakapiga kelele, mbwa akachapwa, na baada ya siku chache akarudia. Ikifika mara ya tatu hukumu inatolewa kwamba ameshaonja damu na hafai tena. Hapo atafungwa mnyororo mpaka kufa kwake, atatupwa mbali au atawekewa sumu.

Damu haina uzito mkubwa katika jambo hili. Kinachomteka mbwa ni kule kukimbiza kwenyewe. Amerithi mfululizo wa matendo ya mwindaji: kukazia macho, kunyemelea, kufukuza, kukamata, kuua, kula. Kila tendo lina raha yake, wala halisubiri njaa. Ndiyo maana mbwa aliyeshiba ugali na dagaa anaweza kuua kuku kadhaa asubuhi moja na asile hata mmoja. Na kila anapofukuza anazidi kuwa hodari, anazidi kutamani kurudia.

Kwa hiyo yote yaliyomo humu yanasimama juu ya sharti moja: katika mwaka wake wa kwanza, mtoto wa mbwa asipate nafasi ya kumfukuza kuku. Maneno utakayomfundisha yatasaidia, lakini wavu, kamba na macho ya mtu mzima ndivyo vitakavyobeba mzigo. Kazi hii ni ya watu wa nyumba kabla ya kuwa ya mbwa.

Naandika nikifikiria nyumba ya kawaida ya kwetu: ua wenye michongoma au ukuta, kuku wa kienyeji wanaofunguliwa asubuhi na kurudi bandani wenyewe jioni, tetea wawili watatu wenye vifaranga, watoto wanaokwenda shule, na mbwa anayetakiwa kulinda usiku.

Kabla hujamleta

Mchukue akiwa na wiki 8, si kabla. Wiki za mwisho na mama yake na ndugu zake ndizo zinazomfundisha kupunguza nguvu ya meno, maana akiuma sana mchezo unakatika. Lakini usichelewe sana pia. Kuanzia wiki ya 3 hadi kati ya wiki ya 12 na 14, akili ya mtoto wa mbwa iko wazi: viumbe anaowazoea kwa utulivu katika muda huo huwahesabu kuwa sehemu ya dunia yake. Baada ya hapo bado anajifunza, ila kwa kazi kubwa zaidi.

Kama unaweza, chagua aliyezaliwa kwenye ua wenye kuku, na nenda ukamwangalie mama yake kwanza. Tetea akipita karibu, mama anafanya nini? Asipoinua hata kichwa, hiyo ni dalili njema kuliko cheti chochote. Kati ya watoto wake, mwache yule anayerukia kila kinachotikisika. Mchukue anayetazama kisha akarudi kulala. Mbwa wetu wa kienyeji wana faida hapa, kwa sababu wengi wao wamefumbua macho kuku wakichakura kando yao. Mbwa wa kuchunga kama German Shepherd anafundishika vizuri sana, lakini kumbuka kwamba kuchunga ni kufukuza kulikokatizwa kabla ya kuua. Mbwa wa uzao wa kuwinda ni kazi ngumu zaidi, na mwenye kuku wengi wanaozurura namshauri asianze naye.

Iko mifano ya kutia moyo kutoka mbali. Namibia, shirika la kuhifadhi duma la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa kulinda mbuzi tangu 1994, na mbwa hao hukuzwa na mifugo tangu wadogo ili waione kuwa jamaa zao. Huko Warrnambool, Australia, mbwa weupe wa asili ya Italia waitwao Maremma waliwekwa mwaka 2006 kulinda pengwini wadogo wa kisiwa cha Middle Island waliokuwa wakimalizwa na mbweha. Wazo lilitoka kwa mfugaji wa kuku wa eneo hilo aliyekuwa akitumia mbwa hao kulinda kuku wake. Hata hao, waliozalishwa kwa kazi ya ulinzi kwa vizazi vingi, husimamiwa na watu katika miezi ya ujana. Basi na mbwa wako asiachiwe ajilee.

Vifaa ni vichache. Kola laini unayoweza kupitisha vidole viwili chini yake. Kamba mbili za pamba au nailoni, moja ya mita 2 na nyingine nyepesi ya mita 5. Ya katani itakuchubua viganja siku atakapovuta. Mnyororo usiutumie kwenye mafunzo, kelele yake huwatia kuku kiwewe. Wavu wa kuku wa kutosha kuzungushia kizimba cha kama mita 2 kwa 2, chenye kivuli, mahali ambapo kuku hupita kila siku. Kigoda cha kukalia. Na dagaa wakavu wasio na chumvi, waliokatwa vipandevipande. Kama ni wa chumvi, waloweke, waoshe, uwaanike tena. Hakuna tuzo iliyo rahisi na yenye harufu nzuri kwa mbwa kama dagaa. Maini yaliyochemshwa na kukatwa vidogo yanafaa pia, kwa siku za kazi ngumu.

Chanjo usiziache. Zile za magonjwa ya parvo na distempa huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi 3. Dawa ya minyoo kila wiki 2 mpaka wiki ya 12, kisha kila mwezi mpaka miezi 6. Mwone daktari wa mifugo au afisa mifugo wa kata yako. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, na sehemu nyingi kampeni za chanjo hupangwa karibu na siku hiyo.

Hatua ya 1: wiki ya kizimbani

Siku za kwanza hakuna somo lolote la kuku. Mtoto wa mbwa anakaa kizimbani au anashikwa kwa kamba, na kuku wanaendelea na maisha yao nje ya wavu. Atabweka, atarukia wavu, kuku watatoa ile sauti yao ya hatari na kukimbilia mbali. Usiseme kitu. Baada ya siku kadhaa pande zote mbili zitachoka. Mbwa mchanga hulala saa nyingi sana kwa siku, na kulala huku kuku wanachakura hatua moja kutoka puani mwake ni mafunzo tosha.

Mpe cha kutafuna kilicho chake: mfupa mbichi mkubwa wa ng'ombe, au kipande cha kamba nene chenye mafundo. Magunzi ya mahindi usimpe, na yaliyozagaa uani yaokote. Mbwa huyameza, yakaziba utumbo, na wengi hufa hivyo bila mwenyewe kujua sababu.

Chakula anakula ndani ya kizimba, mlango umefungwa. Jambo hili naliona kubwa kuliko watu wanavyolichukulia. Kuku ni wezi wa bakuli la mbwa. Wanajipenyeza, wanadonoa ugali, mbwa anavumilia leo na kesho, keshokutwa anamrukia mmoja kwa kulinda chakula chake, na hapo mfululizo wote wa uwindaji unaamka kutokana na ugomvi wa ugali. Ukimlisha kuku wakiwa wameshafungiwa, jioni baada ya saa 12:30, na asubuhi kabla hujawafungulia, umemaliza tatizo hilo lote. Maji yake nayo yabaki kizimbani, kuku wawe na chombo chao.

Hatua ya 2: maneno mawili

Mfundishe "njoo" na "acha" kabla ya jingine lolote. Yafanyie kazi mbali na kuku, hata ndani ya chumba cha stoo, dakika 5 tu kwa wakati mmoja, mara mbili tatu kwa siku.

"Njoo" ni rahisi: mwite jina, sema "njoo", rudi nyuma hatua mbili huku umechuchumaa, na akifika mpe dagaa. Mwiko wake ni mmoja. Usimwite kamwe ili umwadhibu, umwogeshe au umfungie. Neno hili linapaswa kubaki lenye utamu siku zote, kwa sababu siku moja utalihitaji akiwa hatua tatu nyuma ya tetea.

"Acha" lina ngazi zake. Weka dagaa kwenye ngumi, msogezee puani. Atalamba, atakwaruza kwa ukucha, atang'ata kidogo. Nyamaza. Sekunde anaporudisha kichwa nyuma, msifu na umpe dagaa mwingine kutoka mkono wa pili. Kile alichoambiwa aache asikipate kamwe. Akishaelewa, anza kutaja neno "acha" kabla ya kusogeza ngumi. Kisha fungua kiganja. Kisha weka dagaa chini, mguu wako ukiwa tayari kumfunika. Ngazi ya mwisho ni kitu kinachokimbia: funga manyoya ya kuku au kitambaa kwenye uzi, mtu mwingine akivute mbele yake polepole, wewe umeshika kamba. Akiweza kukitazama kisha akageuka kwako, yuko tayari kwa kuku halisi. Ngazi hii isirukwe, maana dagaa hakimbii, na kuku anakimbia.

Katika nyumba nyingi za pwani, na kwingine kwa Waislamu wanaofuga mbwa wa ulinzi, watu hujihadhari na mate ya mbwa. Mafunzo haya hayalazimishi kumgusa. Dagaa anadondoshwa chini mbele ya miguu yake, ngumi inabadilishwa na kopo lenye kifuniko kilichotobolewa, na bakuli lake linabaki lake peke yake.

Hatua ya 3: kupitia wavu, mbwa akiwa nje ya kizimba

Sasa geuza mambo. Kuku wachache wawe ndani ya kizimba au bandani, mbwa awe nje nawe, kwa kamba ya mita 2. Anza mbali, mita 8 au 10. Muda mzuri ni saa 3 au 4 asubuhi, kuku wakiwa wameshakula na wametulia. Epuka wanapofunguliwa, kwa maana hutoka kwa kishindo, na epuka jioni wanapogombania nafasi za kulala.

Hapa kazi yako ni kusoma mwili wake. Mkia unaotikisika kwa ulegevu, masikio yanayozunguka, kunusa ardhi, kupiga miayo, kukutazama: yote ni mazuri. Akiganda, macho yakakazia kuku mmoja, mdomo ukafumba, mwili ukashuka na mguu mmoja wa mbele ukainuka, ameshaanza kunyemelea. Kwa wakati huo hasikii neno. Usimwitie mara kumi. Ondoka naye, mita tatu nne nyuma, mpaka akubali kula dagaa. Mahali anapoweza kula ndipo mahali anapoweza kujifunza. Mbwa anayekataa dagaa yuko karibu mno na kuku.

Katika umbali huo, kila anapomtazama kuku kisha akageuza uso kwako, mpe dagaa. Usingoje muujiza, mwanzoni hata kupepesa macho kunatosha. Kesho yake jaribu nusu mita karibu zaidi. Siku akitibuka, rudi nyuma bila hasira.

Dakika 10 zikitimia, maliza, hata kama mnaendelea vizuri. Na hasa kama mnaendelea vizuri.

Hatua ya 4: uani, kwa kamba

Anapoweza kukaa karibu na wavu akilala au akikutazama, mlete uani kuku wakiwa huru. Kaa kwenye kigoda chako, mbwa kando ya mguu, kamba imelegea lakini iko mkononi. Mwage punje chache za mahindi hatua kadhaa mbele ili kuku waje. Usizimwage miguuni pake. Mpe dagaa kwa kila dakika ya utulivu. Huku ni kukaa tu, na wazee wa nyumba wanaopenda kupumzika chini ya mwembe wanaiweza kazi hii kuliko vijana wenye haraka.

Kisha tembea naye katikati ya kuku, polepole, ukikunja kona. Kuku akikurupuka, sema "acha" mara moja, geuka, ondoka. Usivute kamba kwa mkupuo: kamba ikikaza ghafla shingoni anaongeza nguvu ya kuvuta mbele, na anajifunza kwamba kuku na maumivu huja pamoja, jambo linaloweza kumfanya awachukie.

Ukali wa jogoo uuangalie. Wapo majogoo wanaomrukia mtoto wa mbwa kwa kucha na miba ya miguuni. Mbwa aliyeumizwa hivyo ama anaogopa kuku wote au analipa kisasi akishakua.

Kuhusu tetea mwenye vifaranga, wengi husema mwache, huyo ndiye mwalimu, atamdonoa mara moja na mbwa hatasahau. Ni kweli kwamba hatasahau. Lakini mdomo wa kuku unalenga macho, na nimeona mbwa aliyebaki na jicho moja kwa mafunzo ya namna hiyo. Halafu kifaranga wa siku tatu hahitaji kuumwa ili afe. Kukanyagwa kwa mchezo kunatosha. Tetea mwenye vifaranga mweke kwenye tenga au banda lake kwa wiki nne za mwanzo, na mbwa azoee sauti ya vifaranga akiwa upande wa pili wa wavu. Ile milio yao midogo huwasisimua mbwa kuliko kuku mkubwa, kwa hiyo mazoezi yake yanahesabiwa upya tangu hatua ya 3.

Hatua ya 5: kamba inayoburuzika

Ukishapita wiki nyingi bila tukio, mfunge ile kamba nyepesi ya mita 5, uiachie chini iburuzike, nawe uwepo uani ukifanya kazi zako: kufua, kupalilia bustani, kuchambua mchele. Ncha isiwe na fundo, isije ikanasa kwenye mizizi. Akianza kunyemelea, kanyaga kamba, sema "acha", mwite. Kumkamata kwa mkono usijaribu. Ukimkimbilia, na wewe umeingia kwenye mchezo.

Usipokuwepo, hata kwa dakika za kwenda dukani, anarudi kizimbani. Ni hapa nyumba nyingi huharibu kazi ya miezi, kwa sababu mbwa anaonekana mwema na mtu anasema "narudi sasa hivi".

Watu wa nyumba

Mahindi yameanikwa juu ya turubai. Kuku wanakuja. Mtu aliyekaa barazani, kwa uvivu wa kuinuka, anamwambia mbwa "shika!" Mbwa anatoka mbio, kuku wanatawanyika, watu wanacheka, watoto wanashangilia. Wiki mbili baadaye mbwa yuleyule anachapwa kwa kumuua kuku. Nionavyo mimi hakuna dhuluma inayomfika mbwa wa Kiafrika mara nyingi kama hii: tunamfundisha kazi kwa furaha, kisha tunamwadhibu kwa kuifanya.

Kaeni kama familia mkubaliane. Neno "shika" lisitamkwe hata kwa kuku wa jirani. Wote watumie "acha" na "njoo" zilezile, siyo huyu anasema "toka", yule "wewe!", mwingine anamwita kwa Kiingereza. Watoto wasikimbize kuku mbele ya mbwa. Siku ya kukamata kuku wa kuchinja, mbwa awe kizimbani mbali, au bora zaidi kuku akamatwe usiku juu ya fito anapolala. Msichana wa kazi, shamba boi, bibi aliyekuja kutembea, wote waambiwe. Mwenye kuku zake hasa aambiwe, na kwa heshima, kwa kuwa katika nyumba nyingi kuku ni mali ya mama au bibi, ndiyo akiba yake ya ada na dharura, na ana haki ya kujua kwamba jambo hili linafanywa kwa uangalifu.

Baada ya kuchinja, manyoya na mabaki yazikwe au yachomwe. Utumbo ukitaka kumpa, uoshwe, uchemshwe, uchanganywe na ugali na uingie bakulini mwake kizimbani. Usimtupie mbichi pale pale kwenye damu. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, hupasuka vipande vikali. Na kuku aliyekufa kwa kideri au kwa sababu isiyojulikana azikwe chini sana, asitupwe jalalani ambako mbwa atamfukua.

Mayai ni jambo fupi. Viota viinuliwe kiasi cha mita moja kutoka chini, mayai yakusanywe asubuhi na alasiri. Mbwa asiyekuta yai haanzi kula mayai.

Akimkamata kuku

Inaweza kutokea. Tembea, usikimbie. Kanyaga kamba. Usimvute kuku mdomoni kwake, atakaza taya. Msogezee kitu kitamu zaidi, maini ama nyama, akiachia mpe, mwondoe na umfungie bila neno. Usimpige. Dakika moja baada ya tukio fimbo haina tena uhusiano wowote na kuku katika akili yake. Inahusiana na wewe, na kesho yake hatakuja ukimwita.

Kuku mwenye jeraha la meno mtenge mahali penye giza na utulivu. Tundu la jino ni dogo juu na refu ndani, kwa hiyo osha kwa maji safi ya chumvi na umwite afisa mifugo. Akifa, au mkiamua kumchinja, mbwa asione wala asipewe chochote.

Kisha rudi hatua mbili nyuma kwenye mafunzo, na utafute tundu lilikuwa wapi: mlango, kamba iliyokatika, mtoto aliyemfungulia. Mara nyingi ni mlango.

Kumfunga kuku mfu shingoni mwa mbwa mpaka aoze ni desturi inayosifiwa sana, na haifanyi kazi. Mbwa hakai akitafakari kosa lake. Anakaa na nzi, harufu na vidonda, na baada ya siku mbili ameizoea ile harufu kama kola nyingine. Kama kuku alikuwa na ugonjwa, umeutembeza ua mzima. Kumtia yai la moto mdomoni ili aache kula mayai ni ukatili mtupu, linamchoma ulimi na kaakaa. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya inayo sheria yake ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama. Mateso ya namna hii si mambo ya ndani ya ua wa mtu tu.

Miezi ya ujana

Kati ya mwezi wa 6 na wa 14 utaona kama vile amesahau kila kitu. Mwili umekua, miguu ina mwendo, hamu ya kufukuza inaamka kwa nguvu zake zote, na "njoo" anaisikia anapotaka. Wengi hukata tamaa hapa, au hufanya kosa baya zaidi la kumpandisha daraja kwa sababu tu amekuwa mkubwa. Rudisha kamba. Mtoe matembezi ya kutosha asubuhi mapema kabla kuku hawajafunguliwa. Mbwa aliyechoka kwa halali hana haja ya kutafuta mchezo. Endelea na dagaa. Simwachi mbwa peke yake na kuku kabla hajafikisha mwaka na nusu, na wengine huhitaji miaka miwili.

Katika muda huohuo angalia masikio, uso na katikati ya vidole vyake. Viroboto wale weusi wanaogandia kwenye ngozi isiyo na manyoya kuzunguka macho ya kuku huhamia kwa mbwa pia, wakang'ang'ania hapohapo wasitoke. Ukimtibu mbwa ukaacha kuku na banda, watarudi. Dawa ya kuku usimpake mbwa, wala ya mbwa usimpake kuku, kabla ya kumuuliza daktari wa mifugo, kwani zipo zinazofaa huyu zikamuua yule.

Kuku wageni, bata, na kuku wa jirani

Mbwa aliyewazoea kuku wako kumi na wawili amewazoea hao. Ukinunua kuku wapya sokoni, ukileta bata wanaotembea kwa kuyumba, au kanga wenye kelele na mwendo wa kasi, anza tena kwenye wavu. Safari hii itakuwa fupi, siku badala ya wiki, lakini ifanye.

Kuku wa jirani ni hatari zaidi, kwa sababu wanaingia ghafla kupitia upenyo wa ua, wanaogopa, na wanakimbia. Ziba penyo. Zungumza na jirani mapema, umwambie una mbwa mchanga unayemfundisha, na kwamba likitokea lolote utalipa. Ukilipa siku hiyohiyo bila kubishana, mbwa wako hatawekewa sumu.

Kama hawezi

Wapo mbwa ambao, hata baada ya yote haya kufanywa kwa uaminifu kwa mwaka mzima, bado wanaganda na kukazia macho kila wakimwona kuku. Usimlazimishe, na usimwone kuwa mbaya. Mgawie zamu. Mchana kuku wako huru, naye yuko kizimbani chenye kivuli na maji, akitolewa kwa matembezi ya kamba. Saa 12:30 jioni kuku wanahesabiwa na kufungiwa, komeo linakaguliwa kwa mkono, kisha mbwa anafunguliwa. Banda la kuku liwe na wavu imara mpaka chini, uliofukiwa ardhini kiasi cha sentimita 30, ili yeye wala kicheche asichimbe. Alfajiri arudishwe kizimbani kwanza, ale, ndipo mlango wa banda ufunguliwe.